Padre, Nisome Vitabu Gani?



Wapendwa waamini, nanyi nyote wenye mapenzi mema mnaozifuatilia tafakari hizi kila juma, nawasalimu kutoka pwani ya Mtwara, ambako upepo wa kusi umeanza kutulia na wavuvi wanatengeneza nyavu zao.

Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, kijana mmoja wa parokia yetu alinisubiri nje ya sakristia mpaka watu wote walipokwisha kuondoka. Amemaliza chuo, na miezi miwili iliyopita alipata ajira katika kampuni moja inayoendesha shughuli zake huku kwetu pwani. Cheo chake katika barua ya ajira ni Afisa Uendelevu. Alinionyesha barua hiyo kwa furaha iliyochanganyika na haya, kisha akaniuliza: "Padre, kazi nimeipata, lakini mimi nilisomea uhasibu. Nisome vitabu gani ili niifanye vema? Sitaki vya sala tu, nataka na vya kazi."

Nilimwahidi kumwandikia orodha. Akashukuru, lakini hakuondoka. Baada ya kimya kirefu akanieleza jambo la pili, ambalo nadhani ndilo lililomleta. Kampuni yake inataka kujenga ufukweni, na taratibu zinadai wanakijiji washirikishwe. Mkutano uliitishwa, mahudhurio yakaandikwa, picha zikapigwa, na yeye ametakiwa aandike taarifa kwamba jamii imeridhia. "Tatizo, Padre, mkutano uliitishwa asubuhi ya bamvua, saa za maji kupwa. Wanawake wote wanaokusanya pweza walikuwa mwambani. Na mradi huo utaziba njia yao ya kwenda mwambani. Mimi nimezaliwa pwani, nalijua jambo hilo. Mkubwa wangu hatoki pwani, halijui." Yuko katika miezi ya majaribio. Mama yake na wadogo zake watatu wanautegemea mshahara huo.

Mazungumzo yetu hayakuwa kitubio, na mwenyewe ameniruhusu kuyaandika bila kumtaja jina. Kwa kuwa najua wapo wengine kati yenu walio katika kazi za namna hiyo, katika gesi, saruji, korosho, mwani, uvuvi, utalii na vyama vya ushirika, nimeona orodha niliyomwahidi niiandike hapa, iwafae wote.

Kitabu cha kwanza ni Biblia Takatifu, wala siitaji kwa sababu tu ya joho nililovaa. Nilimwomba kijana aanze na sura ya ishirini na moja ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, habari ya shamba la mizabibu la Naboti. Tumezoea kuisoma kama habari ya mfalme mwenye tamaa. Isomeni tena kama habari ya nyaraka. Yezebeli hakutuma askari kupora shamba usiku. Aliandika barua, akazitia muhuri, akawaagiza wazee waitishe mkutano wa hadhara, watangaze mfungo, waweke mashahidi wawili kama sheria ilivyotaka. Kila hatua ya utaratibu ilitimizwa. Kama kungalikuwa na mkaguzi, angalikuta jalada kamili lisilopungukiwa karatasi. Hata hivyo mtu mwenye haki alipigwa mawe, na urithi wa baba zake ukaenda kwa mwingine. Maandiko hayatupi majina ya wazee walioipokea barua ile na kuitekeleza. Kila niisomapo sura hiyo nawafikiria wao kuliko Ahabu.

Baada ya hapo someni sura ya ishirini na tano ya Mambo ya Walawi, ambapo Mungu anaiamuru ardhi yenyewe ipumzike, na sura ya nane ya nabii Amosi, anapowakemea wafanyabiashara wanaopunguza kipimo na kuongeza bei, na kumuuzia maskini makapi ya ngano. Sisi wa kusini hatuhitaji mfafanuzi kutoka mbali atueleze Amosi. Tunalo neno letu, kangomba. Mnunuzi huingia kijijini kabla ya mnada, mkulima akiwa na mgonjwa hospitalini au ada ya mtoto, akazinunua korosho kwa bei ya kutupa, mara nyingi kwa bakuli lisilo na alama ya vipimo halali. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza mkoani kwetu mwaka 2007, ulikusudiwa kumlinda mkulima na dhuluma hiyo kwa kukusanya mazao ghalani kupitia vyama vya msingi na kuyauza kwa mnada. Umesaidia mengi, na malalamiko pia hayakukosekana. Ninachosisitiza ni kwamba kipimo cha haki ni jambo la ibada. Anayeshika mzani ghalani Jumatatu ameshika chombo kitakatifu kama aliyeshika kikombe altareni Jumapili.

Maneno hayo si ya kwangu kabisa, na yananifikisha kwenye kitabu cha pili: Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya sita. Sisi wa Mtwara ni watoto wa kanuni hiyo, tujue tusijue. Wamisionari Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walifika Ndanda mwaka 1906, na kabla Jimbo la Mtwara halijaundwa mwaka 1972, eneo letu lilikuwa chini ya Abasia ya Ndanda. Ni kitabu kidogo, na mtu anaweza kukimaliza kwa siku mbili. Lakini afisa wa kampuni asome kwa utulivu sura mbili. Sura ya thelathini na moja inamweleza mtunza ghala wa monasteri, na kumtaka avitazame vyombo vyote na mali yote ya nyumba kama vyombo vitakatifu vya altare. Jembe, ndoo, kisu cha jikoni, vyote. Sura ya hamsini na saba inawahusu mafundi. Inaagiza kwamba kazi za monasteri zikiuzwa, udanganyifu usiingie, tena bei iwe nafuu kidogo kuliko ya watu wengine, ili Mungu atukuzwe. Nimeona vitabu vinene vya biashara vyenye michoro mingi, lakini sijaona sentensi inayomzuia mchoyo kwa wepesi kama hiyo.

Tatu, nyaraka za Mababa Watakatifu. Wengi wetu tunazisikia zikitajwa mimbarini, wachache tumezisoma. Anzeni na Rerum Novarum ya Papa Leo XIII, ya mwaka 1891, kuhusu hali ya wafanyakazi. Baba Mtakatifu Leo XIV, aliyechaguliwa Mei 2025, alieleza kwamba alilichagua jina hilo hasa kwa kumkumbuka mwandishi wa waraka huo. Ifuate Populorum Progressio ya Papa Paulo VI, kuhusu maendeleo ya watu, iliyotolewa tarehe 26 Machi 1967. Mwenye kumbukumbu atatambua kwamba Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa tarehe 5 Februari mwaka huohuo, majuma saba kabla. Someni yote mawili pamoja, mkilinganisha wapi yanakutana na wapi yanaachana. Ni zoezi zuri kwa vijana wasioijua miaka ile.

Kisha Laudato Si' ya Papa Fransisko, ya mwaka 2015, kuhusu utunzaji wa nyumba yetu sote. Wengi wanaijua kama waraka wa miti na hali ya hewa. Wasiojua ni kwamba katika sura ya tano Papa anazungumzia jambo lilelile lililomsumbua kijana wetu. Anafundisha kwamba tathmini ya athari kwa mazingira haipaswi kuja baada ya mradi kukwisha kuamuliwa. Ifanyike tangu mwanzo, kwa uwazi, bila shinikizo la fedha wala la siasa, na wakazi wa mahali wawe na nafasi ya pekee katika mazungumzo hayo. Nilimshauri kijana asome ibara hizo akiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 upande wa pili wa meza, kwa kuwa sheria ya nchi yetu nayo inadai wananchi washirikishwe. Mkristo anayefanya kazi ya namna hii hana haki ya kutoijua sheria. Dhamiri isiyojua sheria huogopa mahali pasipo na hofu, na hutulia mahali pa hatari.

Nne, kitabu cha Alan Wood kiitwacho The Groundnut Affair, kilichotoka mwaka 1950. Hiki na vingine vinne vinavyofuata ni vya Kiingereza, na nitasema baadaye jinsi ya kuvisoma. Wood alifanya kazi ya habari katika shirika lililoendesha Mpango wa Karanga, kwa hiyo aliyaandika aliyoyaona. Wapendwa, mji wetu ni mtoto wa mpango huo. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikosa mafuta ya kupikia, ikakusudia kufyeka ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika, ipande karanga kwa mitambo. Kazi ilianza mwaka 1947, Kongwa, Urambo na kwetu Nachingwea. Ili karanga za Nachingwea zifike baharini, ilijengwa reli, na Mtwara ikachaguliwa kuwa bandari ya kina kirefu. Mitambo iliharibika katika vichaka, udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama tofali, mvua hazikufuata ratiba ya wakubwa. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na fedha zilizopotea zilikaribia pauni milioni 36 za wakati ule. Reli yetu iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wazee wachache bado wanaweza kukuonyesha tuta lake lilipopita.

Kosa lilikuwa wapi? Waliopanga hawakuwa wajinga. Walikuwa na haraka, na hawakumuuliza mwenye kujua mvua na udongo wa pale. Haraka haraka haina baraka, tumeambiwa tangu utotoni.

Wala tusiwacheke wageni peke yao. Mwaka 1973/74 Tanzania ilivuna karibu tani 145,000 za korosho. Kufikia mwaka 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Watu walihamishiwa vijijini, mikorosho ikabaki mbali katika mashamba yaliyogeuka vichaka, bei haikumpa mkulima moyo, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaja juu ya hayo yote. Wakati huohuo viwanda vikubwa vya kubangulia vilikuwa vikijengwa kwa mikopo, na vilipokamilika korosho za kuvilisha hazikuwepo. Mengine ya historia hii yamo katika The Making of a Periphery, kitabu cha mwaka 1998 kilichohaririwa na Pekka Seppälä na Bertha Koda, kinachohusu mikoa yetu ya kusini. Afisa yeyote anayeletwa Mtwara angepaswa kuvisoma vitabu hivi viwili kabla ya kupewa ufunguo wa gari.

Tano, Small Is Beautiful cha E. F. Schumacher, cha mwaka 1973. Schumacher alikuwa mchumi mzaliwa wa Ujerumani, akatumikia kwa miaka ishirini shirika la taifa la makaa ya mawe la Uingereza, na mwaka 1971 akapokelewa katika Kanisa Katoliki. Hoja yake ya mwanzo mama yeyote mwenye genge ataielewa: tofautisha mtaji na faida. Anayekula mtaji wake huku akijihesabia faida atafunga genge, hata kama leo anakula vizuri. Schumacher anasema dunia imeyafanya hayo kwa mali ya asili isiyorudi, kama makaa, mafuta na gesi. Tunaitoa ardhini, tunaiuza, na tunaandika kwamba tumepata.

Sisi tunayo gesi. Iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, ikaanza kuuzalishia umeme mji wetu katika miaka ya 2000, na mwaka 2015 bomba la kwenda Dar es Salaam lilikamilika. Kati ya hapo ulipita mwaka 2013. Januari na Mei ya mwaka ule watu wa mkoa huu waliandamana wakidai wanufaike, fujo zikatokea, mali ikaungua na watu wakapoteza maisha. Siandiki haya kufufua machungu. Naandika kwa kuwa swali lililoulizwa barabarani kwa mawe na moto lilikuwa swali la Schumacher: mtaji huu ukiisha, watoto wetu watabaki na nini mkononi? Chovya chovya humaliza buyu la asali. Afisa wa uendelevu ndiye aliyeajiriwa kulitazama buyu.

Sita, Governing the Commons cha Elinor Ostrom, cha mwaka 1990. Mwaka 2009 mama huyu wa Marekani alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Wataalamu wengi walidhani mali ya wote, kama bahari au malisho, lazima iangamie isipokabidhiwa serikali au mtu binafsi. Ostrom alikusanya mifano ya watu wa kawaida waliotunza mali yao ya pamoja kwa vizazi vingi. Mfano mmoja ni wa wavuvi wa Alanya, Uturuki. Waliandika majina ya sehemu zote za kutega nyavu, na kila Septemba wakapiga kura nani aanzie wapi. Kila siku mvuvi alisogea sehemu moja kuelekea mashariki, na baada ya Januari alisogea kuelekea magharibi, hata kila mmoja akafikia sehemu bora kwa zamu. Mwizi wa zamu hakuhitaji polisi. Mwenye zamu mwenyewe alikuwa pale, na wenzake walimuunga mkono.

Ostrom anaonyesha kwamba mipango inayodumu ina tabia zinazofanana, na mojawapo ni kwamba wanaoathirika na kanuni wana sauti katika kuitunga na kuibadilisha. Hapa nawakumbusha historia yetu. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, ikiwa na kilomita za mraba 650 hivi za mikoko, matumbawe, nyasi za bahari na vijiji. Nia ilikuwa njema, kwa sababu uvuvi wa baruti ulikuwa umevunja matumbawe mengi. Hata hivyo kulitokea ugomvi mkali, na vijiji vingine viliikataa hifadhi kwa miaka, wavuvi wakilalamika kwamba waliletewa mistari iliyokwisha kuchorwa. Anayetaka kuona jinsi mambo hayo yanavyokwenda asome pia Rough Waters cha Christine Walley, cha mwaka 2004, kuhusu hifadhi ya bahari ya Mafia. Ni bahari ileile na lugha ileile, na mtajiona ndani yake.

Saba, kitabu cha kwetu: Utubora Mkulima cha Shaaban Robert. Ni habari ya mtu aliyeiacha kazi ya mshahara akachagua jembe na amani ya moyo. Nilimwambia kijana akisome usiku, amekwisha kuchoka na vile vya Kiingereza. Simshauri aache kazi. Namtaka ajue kwamba inawezekana mtu kuacha kazi akabaki mtu. Anayedhani mshahara ndio pumzi yake atasaini chochote atakachowekewa mezani.

Sasa nifike kwenye kitabu cha nane, ambacho hakiuzwi dukani. Ni daftari lako mwenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari, husema wahenga, na mhasibu wetu anaujua msemo huo. Nami ninalo langu, na nilimsimulia, kwa sababu niliona haifai kumpa kijana orodha ya vitabu kana kwamba mimi nimesimama pasipo na tope.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa padre mpya, parokia niliyoitumikia ilijenga ukumbi. Fedha zilikuwa chache. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi aliniambia kuna chokaa ya bei nafuu ufukweni, mimi nikasema inunuliwe. Tulinunua magunia arobaini. Nilikwenda mwenyewe kuyachukua. Nililiona tanuri, magogo ya mikoko yamepangwa chini, juu yake lundo la matumbawe meupe, mengine bado yana harufu ya bahari. Niliona, wala sikuuliza kitu. Nilihesabu magunia, nikalipa, nikaomba risiti.

Ukumbi ulipokamilika ulimeta. Siku moja alipita bibi mmoja Mwislamu wa kijiji cha jirani, aliyezoea kutuuzia pweza jikoni. Akasimama akiutazama ukuta. "Baba Padre, nyumba yenu mmeipaka nini?" Nikamjibu, chokaa, bibi. Akagusa ukuta kwa kiganja, akasema kwa upole kabisa, "Hii ilikuwa nyumba ya pweza." Kisha akatwaa kikapu chake, akaenda.

Hakunilaumu. Angenilaumu ningejitetea, maana hoja nilikuwa nazo: kila mtu alinunua chokaa ile, wachomaji nao walikuwa maskini wenye watoto, na kazi ile ilikuwa ya Mungu. Miaka ile bibi alileta pweza wadogo zaidi na zaidi, hata akaacha kuja. Sijui kama ni kwa chokaa yetu. Matanuri yalikuwa mengi, na baruti ililia karibu kila juma. Lakini katika daftari la parokia ile mstari ungali upo kwa mwandiko wangu: chokaa, magunia 40, na bei. Ni hesabu sahihi hata senti ya mwisho, na haina mahali palipoandikwa alichotoa bibi yule.

Nadhani, wapendwa, hiyo ndiyo kazi yote ya yule anayeitwa afisa wa uendelevu. Ameajiriwa aongeze mstari uliokosekana katika daftari. Vitabu nilivyovitaja vyote vinamfundisha hilo kwa njia mbalimbali. Naboti hakuandikwa. Udongo wa Kongwa haukuandikwa. Mikorosho iliyoachwa haikuandikwa. Wanawake waliokuwa mwambani asubuhi ya bamvua hawakuandikwa.

Kijana alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo halimo katika kitabu chochote: "Na wakinifukuza, Padre?" Sikumpa jibu jepesi. Ni rahisi padre kumhimiza mtu mwingine apoteze mshahara. Nilimwambia kwamba simwagizi agombane na mkubwa wake wala akimbilie kwa waandishi wa habari. Aanze kwa kumweleza jambo ambalo mkubwa huyo pengine halijui kweli, kwamba bahari ina saa zake, na kwamba mkutano wa pili utakaoitishwa maji yakiwa yamejaa utagharimu siku moja tu. Halafu asiandike neno asilolijua kuwa kweli. Na likitokea la kutokea, Jumuiya yake Ndogo Ndogo ya Kikristo isimwache. Hilo la mwisho nawaambia ninyi, wala si yeye.

Juzi Alhamisi alinipigia simu. Alizungumza na mkubwa wake, akajibiwa kwamba muda hautoshi. Akaandika taarifa. Ndani yake ameeleza nani alihudhuria, na ameongeza sentensi moja kwamba wanawake wanaokusanya pweza hawakuwapo, kwa kuwa mkutano uliangukia saa za maji kupwa, na kwamba wao ndio watakaoathirika zaidi. Ameiwasilisha. Hajajibiwa. Miezi yake ya majaribio inakwisha mwezi ujao.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza, kila kanda ya parokia ichague kitabu kimoja katika orodha hii kukisoma kwa pamoja. Kwa vile vya Kiingereza, anayekijua Kiingereza asome sura moja kwa juma na awasimulie wenzake kwa Kiswahili, nao wavuvi na wakulima waseme kama mwandishi amepata au amekosea. Nina hakika watamsahihisha mahali pengi. Nakala zangu chache ziko ofisini, aazimaye aandike jina lake, na azirudishe bila mafuta ya samaki.

La pili, mumkumbuke kijana huyu katika sala zenu, pamoja na mkubwa wake. Wakumbukeni pia wanawake wa mwambani. Mkutano wa pili ukiitishwa, wale kati yenu mnaojua kalenda ya maji mjitolee kuwasaidia waandaaji kupanga saa.

Mwenyezi Mungu, aliyeziumba bahari na vyote vilivyomo, awabariki: Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.

Wenu katika Kristo,
Padre wenu